Blauzi ya Wifi

Simu yangu ilikuwa inaning'inia juu ya meza ya kushonea ndani ya soksi ya mume wangu, jicho la kamera likichungulia chini kupitia tundu tulilolikata kwa mkasi. Soksi ilifungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, na kamba ilipitishwa kwenye kulabu ya dari ambayo zamani ilishika taa. Wifi yangu alikuwa amesimama juu ya stuli, ameishika kamba kwa mikono miwili, akiibembeleza simu isizunguke. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, dirisha liko wazi, na mahali pengi nisipopajua watu walikuwa wameanza kuingia kututazama.

"Wangapi?" niliuliza bila kuinua kichwa.

"Nitawaonaje? Simu inaangalia chini, mimi niko juu. Tazama kwenye yangu."

Simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka kona hadi kona, ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Humo niliiona meza yangu kutoka juu, mikono yangu, chaki, na blauzi moja ya bluu iliyoshonwa kinyume. Pembeni palikuwa na hesabu ya watazamaji, inapanda na kushuka kama mtu anayejaribu kulala. Jumatatu nilitakiwa kumpa jibu msimamizi wa kiwanda, na jibu lenyewe lilikuwa linaning'inia kwenye ile soksi.

Kabla ya chaneli, mimi nilikuwa mtu wa kola. Kiwanda kilishona sare, na kila fundi alikuwa na kipande chake: huyu mifuko, yule mikono, yule pindo. Mimi kola. Kola ilinijia bila shati na kuondoka bila shati, asubuhi hadi jioni, mwaka hadi mwaka. Nikikutana njiani na mlinzi au mwanafunzi aliyevaa sare yetu nilimkazia macho shingoni mpaka anajipapasa akidhani ana mdudu. Msimamizi wetu, mama mmoja aliyevaa mkasi mdogo shingoni kama mkufu, ndiyo maana tukamwita Mama Mkasi, alikuwa akisema kola zangu zinakaa kama zimezaliwa na shati. Ilikuwa sifa kubwa kutoka kwake. Lakini nilitaka kushona nguo nzima, niione ikianza kuwa kitambaa na ikimalizikia mwilini mwa mtu.

Ndipo nikaanza kujirekodi nyumbani. Niliegemeza simu kwenye rundo la vitambaa, ikawa inaonyesha mikono yangu tu, nami nikaongea kama ninayemfundisha mdogo wangu aliyekaa ubavuni. Kunja hivi. Kata hapa. Shona kwenda huku. Nikifika pa kutunga uzi nilinyamaza, kwa sababu sindano haitaki maneno. Sijui walitokea wapi, lakini walikuja. Wanawake kwa wanaume, kutoka miji ambayo hata kuitamka nilibahatisha, wakawa wananitumia picha za sketi walizoshona kwa masomo yangu. Siku moja nilihesabu sketi za watu nisiowajua nikalia kwa furaha mbele ya mume wangu, naye akaniuliza nani amefariki. Nikaacha kazi kiwandani.

Mtaa wa nyuma yetu aliishi kijana mchekeshaji ambaye chaneli yake ilikuwa imefika mbali sana. Tulimwita Milioni, naye aliitika. Alikuwa na roho nzuri, na alipoona na mimi naanza kupanda, alikuja mwenyewe na taa yake ya duara akaisimamisha mbele ya cherehani yangu.

"Dada, watu hawafuati mikono. Wanafuata uso," alisema. "Geuza simu, tumia kamera ya mbele, ujione unavyotokea. Halafu hivi vimya vyako vya kutunga uzi, kata vyote. Mtu akichoka sekunde moja, ameshaenda kwa mwingine."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu yangu nilikuwa naihitaji kukanyagia cherehani. Nikageuza simu. Nikapaka mdomo rangi. Vimya vyote vikakatwa, muziki ukaingia, na kwa majuma machache chaneli ilipaa kwelikweli. Kisha watu wakaanza kuondoka. Hawakugomba wala kutukana, walipungua tu, kama ndoo yenye tundu usiloliona. Nikamrudia Milioni, akaniongezea taa ya pili. Nikawauliza wengine wenye chaneli kubwa, wakaniambia niweke mbele ya kila video picha inayoshtua. Hadi leo ziko picha zangu nimeshika zipu huku nimeachama, kana kwamba zipu hiyo imenitukania mama.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, naye alikuwa na chaneli. Ya kwake ilikuwa ya marekebisho: kushonea soksi, kubadilisha zipu, kuziba matundu. Watazamaji wake wangeenea kwenye benchi moja na bado ingebaki nafasi ya kuweka mikoba. Kwenye video zake kichwa hakikuonekana, kilikatwa shingoni, ukabaki unasikiliza kifua kikiongea. Akitunga uzi alitulia mpaka unadhani simu imekwama. Na mtu huyu ndiye aliyekuwa na ushauri usiokwisha. Nianze kila somo kwa wimbo. Niwasalimie mashangazi kwa majina. Niweke maua juu ya cherehani.

"Mwenye benchi anamfundisha mwenye uwanja," nilikuwa nikimtania.

"Uwanja wenyewe unavuja watu, wifi. Mimi benchi langu hajainuka mtu."

Nilicheka, kwa kuwa utani wa mawifi ni halali, lakini ulinichoma. Juma lile lile Mama Mkasi alikuwa ametuma ujumbe. Fundi wa kola alikuwa anahama na mumewe, na kiti changu cha zamani kingebaki wazi hadi Jumatatu, baada ya hapo angempa mwingine. Hakuna aliyenilazimisha. Lakini chaneli ilikuwa imefika mahali ambapo nikisema "habari zenu" niliitikiwa na watu wachache na matangazo.

Wifi akaja alasiri moja kutuletea ufunguo wetu wa akiba. Alikuwa amevaa blauzi mpya ya bluu, kitambaa kizuri, kola imekaa vizuri sana, nami macho yangu kama kawaida yalianzia shingoni. Yaliposhuka nikaangua kicheko.

"Wifi, umevaa blauzi ya kaka yako?"

Vifungo vilikuwa upande wa kiume. Blauzi ya kike hufungwa upande mmoja, shati la kiume upande mwingine, na fundi huliona jambo hilo kabla hajaona rangi ya nguo.

Hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akafungua mkoba, akatoa blauzi nyingine ya bluu, sawa na ile mwilini. Nayo vifungo vyake vilikuwa upande wa kiume.

"Nimeshona kwa somo lako," alisema. "Ya kwanza ilipotoka hivi, nikasema ni mimi. Nikarudia. Ya pili ilipotoka hivi hivi, nikasema ni wewe."

"Haiwezekani. Nimeshona blauzi tangu nikiwa binti. Hukuangalia vizuri."

"Leta simu."

Tukaangalia bega kwa bega. Nilikuwemo humo, mdomo mwekundu, taa mbili machoni, napima kifua cha blauzi kwa tepu na kusema shona huku, weka vifungo hapa. Wifi akaisimamisha video kwa kidole.

"Hebu nisomee namba kwenye tepu."

Nikasogeza uso karibu na kioo. Namba zilikuwa zimegeuka. Tatu ilikuwa imeangalia upande usio wake, saba imempa jirani yake mgongo. Kamera ya mbele ilikuwa inageuza kila kitu kama kioo cha kujitazamia, na mimi nilikuwa nimezoea kujiona kwenye kioo maisha yangu yote, nisione ajabu. Kushoto kulikuwa kulia. Kila niliposema "huku", watu waliona kule. Tangu siku ile niliyogeuza simu, kila blauzi iliyoshonwa kwa somo langu, kila sketi yenye zipu ubavuni, ilikuwa imetoka kinyume.

Nilipiga ukelele mume wangu akatoka bafuni na povu kichwani. Nadhani alitarajia moto. Akatukuta tumekumbatiana, mimi naruka na wifi anarushwa.

Sijui kama mtu mwingine angeruka. Mimi niliruka kwa sababu nilikuwa kama mgonjwa aliyezunguka kwa waganga wote, kila mmoja akimwambia ale vizuri na alale mapema, na sasa amekuja mtu akaweka kidole palepale panapouma. Ndoo ilikuwa na tundu, na tundu tumeliona. Nikamwambia wifi avue viatu kwa maana haendi nyumbani.

Tukarudi kuyasoma maoni ya zamani, yale niliyoyapita mbio nikitafuta sifa. Mmoja alikuwa ameniuliza mbona tepu yangu imeandikwa kwa lugha ya kigeni, nami nilikuwa nimemjibu kwa kialama cha moyo. Tukacheka hadi tukashika ukuta. Kisha tukafika kwa mwingine aliyesema, "Mwalimu, zipu yangu imekaa upande mwingine, nimefumua mara mbili, nadhani sina mikono ya ushoni." Na mwingine: "Nimeuza cherehani. Asante kwa masomo." Na mwingine, na mwingine. Hawakunilaumu hata mmoja. Walikuwa wamejilaumu wenyewe, wakainuka kimya kimya wakaondoka. Hapo kicheko kiliniishia, nikasikia uchungu wa kweli kwa ajili ya watu nisiojua hata sura zao.

"Tutawaita," nilisema. "Waje na blauzi zao zilizokosewa, tuzinyooshe pamoja, moja kwa moja hewani. Jumamosi."

"Na kamera?"

"Ya nyuma."

"Juu," alisema wifi, akanyoosha kidole darini. "Waone kama macho yako yanavyoona ukiwa umekaa. Halafu acha huku-hapa-hivi zako. Kwenye benchi langu mimi sisemi hata kulia na kushoto, maana kuna bibi mmoja huwa anavichanganya. Nasema upande wa gurudumu na upande wa sindano. Nani ana cherehani yenye gurudumu mkono wa kushoto?"

Nikaitazama cherehani yangu. Gurudumu kulia, sindano kushoto, kama zote nilizowahi kushonea. Ilikuwa rahisi hivyo, na imetoka kwa mtu aliyetaka niweke maua. Wahenga walisema la mkuu lisikilizwe. La mdogo hawakulisema, labda walikuwa wanamngoja wifi yangu.

Nilimpigia Milioni kumwambia. Akasema, "Dada, mimi nachekesha. Hakuna anayefuata vichekesho vyangu akiwa na mkasi mkononi." Akajitolea kunitangazia, na kweli akanitangazia.

Ndipo ikafika ile Jumamosi, soksi ikiwa juu na wifi juu ya stuli.

Nilisalimia. Nikawaambia wazi: masomo yangu ya tangu nianze kuonyesha uso yaligeuka kama kioo, nguo zenu zimetoka kinyume, na kosa si lenu. Nikarudia mara nyingine: si lenu. Aliyeligundua ni wifi yangu, mwenye chaneli ya marekebisho, huyu hapa. Nikamvuta mkono ukaingia kwenye picha. Mkono ukapunga, simu ikapoteza mshikaji, soksi ikainamia upande na kuzunguka taratibu, na kwa muda watazamaji wangu wote wakaangalia jiko, mlango, mume wangu na kikombe chake, kisha wakarudi mezani. Maoni yakajaa vicheko. Hesabu ikapanda.

"Lazeni blauzi mezani, uso juu, kola iende mbali na tumbo lako," nilisema. "Vifungo vinatakiwa upande wa gurudumu. Matundu upande wa sindano. Yako yako wapi?"

Maneno yakaanza kumiminika kwenye kile kioo kilichopasuka. Gurudumu. Gurudumu. Matundu yangu yako gurudumu. Yangu pia. Mwalimu, na mimi. Sikuwahi kuona watu wanaofurahi hivyo kugundua kuwa wamekosea wote.

Kutoka hapo somo lilikuwa la wifi, mimi nilikuwa mikono yake tu. Alilitoa akiwa juu ya stuli, kamba mkononi. Tundu lililokatwa halirudi, alisema, lakini linafunikwa. Fumua vifungo. Ziba kila tundu la zamani kwa uzi wa rangi ileile, halafu kifungo kikae palepale juu yake, hakuna atakayejua. Upande wa pili, pale kifungo kilipotoka, ndipo unapokata tundu jipya. Aliongea taratibu, bila wimbo, bila kumsalimia shangazi hata mmoja.

"Sasa tungeni uzi," akasema.

Nikachukua sindano. Nikalamba ncha ya uzi. Na hapo kikaingia kimya.

Nilikuwa nimesahau jinsi kimya kinavyokuwa kirefu mtu akikutazama. Hakukuwa na muziki, hakukuwa na uso wangu wa kushangaa, ila vidole viwili na uzi unaolikataa tundu. Kwa pembe ya jicho niliiona hesabu ikishuka. Ikashuka tena. Mdomo ukaniwasha kutaka kusema chochote, hata habari za hali ya hewa. Niliinua macho, na wifi akanitikisia kichwa kutoka juu: tulia. Nikatulia. Uzi ukakosea, nikaulamba tena.

Kisha kwenye kile kioo likatokea neno moja.

Tayari.

Chini yake likaja lingine. Tayari. Halafu: ngojeni, bado. Halafu: miwani yangu iko wapi. Tayari. Tayari mwalimu. Bado, msiniache. Tayari. Yakaja yakifuatana hadi sikuweza kuyasoma, na hesabu ya watazamaji ikaacha kushuka, ikasimama, wala sikuitazama tena. Nilikuwa nimeelewa kilichokuwamo ndani ya vile vimya vyangu vya zamani. Walikuwamo wao, wanatunga uzi. Nilipovikata niliwaacha nyuma na sindano tupu, nikaendelea na safari yangu na muziki wangu.

"Wako wangapi waliosema bado?" wifi aliuliza kutoka juu.

"Wawili."

"Tutawangoja."

Tukawangoja. Wa mwisho alipoandika tayari, wengine wakampigia makofi kwa vialama, na wifi akapiga makofi kweli, simu ikazunguka tena, mume wangu akapunga kikombe.

Siwezi kusema kwamba tangu siku ile chaneli ilifurika kama ya Milioni. Haijafika huko hadi leo. Lakini waliorudi walirudi na ndugu zao, na aliyeuza cherehani aliandika kwamba anakwenda kumsumbua aliyemuuzia amrudishie. Na benchi la wifi likawa mabenchi kadhaa. Nilijaribu kumshauri na mimi, kama mwenye uwanja, angalau aonyeshe uso wake. Akanijibu kwamba kichwa chake hakishoni.

Jumatatu ile nilikwenda kiwandani. Wifi alikuwa ameondoka kwetu Jumamosi amevaa kwa fahari ile blauzi tuliyoirekebisha hewani, na ile nyingine, ambayo haikuguswa, nilimwomba aniachie. Ndiyo niliyovaa. Asubuhi ile mkono wangu ulipapasa kifungo upande usio wake, ukakikosa, ukarudi, nikacheka peke yangu mbele ya kioo.

Ukumbi ulikuwa na kelele zilezile, na mahali pangu palikuwa na rundo la kola zisizo na mashati. Mama Mkasi alikuwa amesimama kando ya kiti, mkasi shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na jibu?"

Sikupata nafasi ya kulitoa. Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye blauzi, yakashuka kifuani, yakasimama.

"Vifungo vimekaa kiume."

"Najua, mama. Ni kazi ya mwanafunzi wangu."

Alisogea karibu. Akainua ncha ya kola kwa vidole viwili, akaigeuza, akaipitishia kidole gumba mshononi kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mgeni kazini. Kisha akairudisha shingoni mwangu, akailaza vizuri.

"Kola imekaa," alisema.

Akamwita kwa mkono binti mmoja aliyekuwa anangoja mlangoni, akamwonyesha kile kiti changu cha zamani.